Kipimo cha neva kimetoka safi, mbona nyayo bado zinawaka?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Mimi ni mwanamke wa miaka 49. Kwa miezi 14 sasa nyayo zinaniwaka moto, hasa usiku, mpaka nalala miguu ikiwa nje ya shuka. Shuka likigusa vidole nasikia kama nachomwa. Mashavu ya miguu nayo huchezacheza yenyewe nikijilaza. Miezi 9 iliyopita nilipimwa neva kwa umeme, majibu yakaja kawaida, nikaambiwa sina ugonjwa wa neva. Nyumbani wanasema nawaza sana. Natumia vidonge vya vitamini za neva, nafuu ni kidogo. Tena nimesoma kwamba misuli kuchezacheza ni dalili ya ugonjwa unaopoozesha mtu taratibu mpaka kufa. Je, kipimo kilikosea? Nirudie? Au nikatwe kinyama cha msuli kama binamu yangu anavyonishauri? Nimekunakilia majibu yangu.

JIBU: Dada yangu, pole sana. Miezi 14 ya kulala miguu ikiwa nje ya shuka si jambo dogo, na kuambiwa juu ya hayo kwamba unawaza sana ni mzigo mwingine. Nakujibu kwa urefu kwa sababu swali lako naletewa mara kwa mara chumbani ninamopimia, na wengi hufika wakiwa wameshakata tamaa. Kwa ufupi, kipimo chako yaelekea hakikukosea, na nyayo zako zinawaka kweli. Mashine iliulizwa swali moja ikalijibu. Ugonjwa wako huenda uko kwenye swali jingine, ambalo mashine ile haina uwezo wa kulijibu.

Kumbuka siku ile. Mpimaji alikubandikia elektrodi karibu na kifundo cha mguu, akashika kifaa chenye ncha mbili butu, akakigandamiza kwenye shavu la mguu, ukasikia mshtuko. Mshtuko huo hudumu sehemu moja au mbili za elfu kumi za sekunde. Unaudhi, lakini hauharibu neva. Neva ikishtuliwa hivyo hupeleka wimbi dogo la umeme, wimbi linapita chini ya elektrodi, na mashine inaandika mambo mawili: wimbi limetumia muda gani kufika, na kimo chake ni kiasi gani.

Mambo hayo mawili yanasema habari tofauti, na mgonjwa akiyaelewa anaweza kusoma karatasi yake mwenyewe. Kasi inatueleza hali ya myelini, yaani ala ya mafuta inayozifunika nyuzi za neva. Ala ikichakaa, wimbi linachelewa. Kimo kinatueleza nyuzi ngapi zimeitika. Nyuzi zikifa, zilizobaki bado zinakimbia vizuri, ila wimbi linakuwa fupi. Mkononi tunatarajia kasi ya mita 50 kwa sekunde au zaidi, mguuni 40 au zaidi. Mwaka 1850 Hermann von Helmholtz alipima kasi hiyo kwa mara ya kwanza kwenye neva ya chura akapata takriban mita 30 kwa sekunde, ilhali mwalimu wake Johannes Müller alikuwa ameshaandika kwamba kasi ya neva haitapimika kamwe. Kila ninapowasha mashine namkumbuka chura yule, kwa sababu bado tunafanya kazi ileile: unashtua hapa, unasubiri pale, unagawa umbali kwa muda.

Sasa fika kwenye nyayo zako. Ile tunayoiita neva moja ni fungu la maelfu ya nyuzi, na nyuzi hizo hazilingani. Zipo nene, zenye ala, zinazobeba amri za kwenda kwenye misuli na kurudisha mguso, mtetemo na habari ya mguu uko wapi hata ukiwa umefumba macho. Na zipo nyembamba sana, nyingi hazina ala kabisa, nazo hubeba joto, baridi, maumivu ya kuwaka, na amri za kutoa jasho.

Tofauti yao umewahi kuihisi wewe mwenyewe. Siku ulipojikwaa kidole cha mguu gizani, kwanza ulisikia kugonga. Ukawa na kitambo kifupi cha kujua kwamba sasa yanakuja. Kisha ndipo yale maumivu ya moto yakapanda. Mguso ulipanda kwa nyuzi nene, ukapita mita moja hivi kutoka unyayoni hadi mgongoni kwa sehemu mbili za mia za sekunde. Yale ya kuwaka yalipanda kwa nyuzi nyembamba zinazotembea takriban mita moja kwa sekunde, kwa hiyo yalihitaji sekunde nzima.

Mashine yetu husikia zile nene tu. Umeme wa juu ya ngozi huziamsha hizo kwanza, na sauti ya zile nyembamba ni ndogo mno, imetawanyika, inazama kabisa chini ya makelele. Mtu anaweza kupoteza nyuzi nyembamba nyingi nyayoni na karatasi ikatoka safi kila safu. Kwa hiyo neno "kawaida" kwenye majibu yako lina maana moja: nyuzi nene, mahali zilipopimwa, siku ile, zilikuwa zinafanya kazi ndani ya mipaka. Kutoka hapo hadi "huna ugonjwa wa neva" ni mruko mkubwa, na daktari aliyeuruka hakukutendea haki, hata kama nia yake ilikuwa kukutuliza.

Dalili ulizoandika, kuwaka kwenye nyayo zote mbili, usiku kuzidi, shuka kuchoma, ndivyo wanavyoeleza wagonjwa wa nyuzi nyembamba. Sikuthibitishii ugonjwa kwa maandishi, sijakugusa miguu. Ila nakwambia ni hapo pa kutafuta kwanza.

Nimeangalia ulichonakili. Neva ya surali, ile ya hisia inayopita nyuma ya kifundo cha nje cha mguu, ina kimo cha 7.2 kulia na 7.9 kushoto, kwa maikrovolti. Maikrovolti ni sehemu ya milioni ya volti, ndiyo maana wanakufuta ngozi na kukukataza kujipaka mafuta au losheni siku ya kipimo. Kasi ya neva ya amri ya mguu ni 44. Vyumba vingi huweka mpaka wa chini wa surali kwenye 6 au karibu na hapo, kwa hiyo uko ndani. Lakini mpaka huo unakulinganisha na watu wengine, haukulinganishi na wewe wa miaka mitano iliyopita. Kama ulianza na 20, umeshapoteza zaidi ya nusu na bado unaitwa mzima. Kama ulianza na 8, hujapoteza kitu. Kipimo kimoja hakiwezi kujua ulianzia wapi. Vipimo viwili vyenye mwaka katikati vinaweza.

Kuna kitu kingine kwenye karatasi yako, au tuseme hakipo. Joto la mguu halikuandikwa. Kwa baadhi ya wapimaji hilo ni jambo dogo. Kwangu ni kubwa, na nina sababu. Miaka ya mwanzo ya kazi nilimpima mzee mmoja aliyeingia kutoka kwenye baridi, miguu kama jiwe la mtoni. Kasi zikaja 36, 35, 36. Nikaanza kuandika kwamba neva za miguu yote zimechakaa. Muuguzi aliyekuwa akinisaidia akamshika mguu, akaniangalia, hakusema neno, akaenda kuleta beseni la maji ya uvuguvugu. Baada ya dakika 20 tulipima upya, kasi zikawa 42 na 43. Mzee yule angerudi nyumbani na ugonjwa ambao hakuwa nao, na dawa zake juu.

Neva ikipoa hupunguza mwendo kwa takriban mita 2 kwa sekunde kwa kila nyuzijoto moja inayoshuka. Hilo wengi wanalijua. Lisilokumbukwa sana ni kwamba baridi huongeza kimo cha wimbi la hisia. Mguu wa baridi unaweza kuificha hasara kwa kuonyesha wimbi refu kuliko lilivyo kweli. Kwa hiyo 7.2 yako, kama mguu ulikuwa wa baridi, huenda ni ndogo zaidi ya hapo. Ukirudia kipimo, vaa soksi nzito, na mwombe mpimaji kwa adabu akupime joto la ngozi kabla ya kuanza. Tunataka liwe angalau 30 mguuni na 32 mkononi. Hakuna mpimaji makini atakayechukia kuombwa hilo.

Sehemu ya sindano nayo umeandika kistari. Maana yake, ulifanyiwa nusu ya kwanza tu. Watu huita yote EMG, lakini EMG hasa ni ile nusu ya pili, ambapo sindano nyembamba huingizwa ndani ya msuli. Sindano hiyo haitoi umeme wala dawa. Inasikiliza tu, na kinachosikika kinatoka kwenye spika pale pale chumbani. Msuli mzima ukilala huwa kimya kabisa. Msuli uliokatiwa neva yake huanza kutoa vishindo vidogo vya haraka vyenye mpigo sawa, kama matone ya mvua juu ya bati. Wapo wagonjwa wenye ugonjwa wa misuli kukaza ambao sindano ikiguswa tu spika inanguruma kama pikipiki inayotiwa mafuta kisha kuachiwa. Ukiusikia mlio huo mara moja hutausahau.

Kisha tunamwambia mgonjwa akaze msuli kidogo kidogo, tunaangalia mawimbi yanavyojipanga. Neva zikifa, zilizobaki huwachukua yatima, kila moja ikihudumia nyuzi nyingi za misuli kuliko zamani, basi mawimbi yanakuwa makubwa na marefu lakini machache. Msuli wenyewe ukiugua, hesabu hugeuka: mawimbi ni madogo, mafupi, na mengi yanajitokeza mapema mno, kwa sababu mtu anahitaji kuita kila aliyepo ili tu ainue mkono. Ni kipimo cha sikio na jicho. Kinategemea sana aliyeshika sindano.

Wewe hukufanyiwa hiyo, na hapo ndipo hofu yako ya misuli kuchezacheza ilipoachwa bila jibu. Nijibu sasa. Ugonjwa uliousoma, ALS, ni ugonjwa wa udhaifu. Misuli huchezacheza ndiyo, lakini huchezacheza huku ikisinyaa na nguvu zikiisha: mguu unaburuta, kitasa hakigeuki, ulimi unakuwa mzito. Tena ALS haiwashi nyayo. Misuli kuchezacheza peke yake, hasa mashavu ya miguu wakati wa kupumzika, kwa mtu ambaye nguvu zake ni zilezile, huwapata watu wazima wengi sana wasio na ugonjwa wowote, na huzidi kwa uchovu, kukosa usingizi na kahawa nyingi. Neva iliyokereka nayo inaweza kuchezesha misuli.

Unaweza kujiangalia mwenyewe leo. Tembea hatua kumi kwa visigino, vidole viwe juu. Tembea kumi kwa ncha za vidole. Inuka kwenye kiti mara tano bila kushika popote. Vua viatu, simama mbele ya mwanga, linganisha unene wa mashavu ya miguu. Ukifanya yote sawasawa na miguu inalingana, basi miezi 14 imepita na nguvu zako zipo, na hilo peke yake lina uzito mkubwa. Hata hivyo ningependa sindano iingizwe kwenye misuli miwili mitatu ya mguu, mmoja wa chini kabisa na mwingine wa pajani, kwa sababu ikisikika kimya utalala. Kumwondolea mtu hofu ya miezi mingi ni sababu halali ya kipimo.

Misuli yenyewe pia ina kipimo chake cha damu, kreatini kinase. Ni kimeng'enya kinachokaa ndani ya msuli, na msuli ukiumia kinavuja. Nakitaja kwa sababu ya ushauri wa binamu yako, na kwa sababu ya kijana mmoja aliyeletwa kwangu baada ya kutibiwa ini kwa muda mrefu. Vimeng'enya viwili ambavyo kila mtu huviita vya ini, AST na ALT, vilikuwa juu kila alipopimwa. Akapigwa ultrasaundi ya ini, akabadilishiwa dawa, akakatazwa vitu chungu nzima. Hakuna aliyemuuliza anapandaje ngazi. Vimeng'enya hivyo vimo pia ndani ya misuli. Alipopimwa kreatini kinase ilikuwa juu mno, na ini lake lilikuwa zima tangu mwanzo.

Kwa hiyo kukatwa kinyama cha msuli kuna wakati wake: mtu ana udhaifu wa mapaja na mabega, kreatini kinase imepanda, sindano imeonyesha mawimbi madogo madogo, na bado hatujui ni uvimbe unaotibika au ugonjwa wa kurithi. Hata hapo siku hizi mara nyingi damu ya vinasaba hutangulia. Mtoto wa kiume anayeonekana kuwa na ugonjwa wa Duchenne, kwa mfano, huanza kuchunguzwa jeni ya distrofini kabla ya kisu. Na mpangilio una maana. Damu ya kreatini kinase ichukuliwe kabla ya sindano, si baada, maana sindano na mazoezi makali huipandisha. Kinyama kisichukuliwe kwenye msuli uliodungwa karibuni, kwa sababu majeraha ya sindano huonekana kwenye darubini kama ugonjwa. Ndiyo maana wapimaji wenye uzoefu hudunga upande mmoja wa mwili na kumwachia daktari wa upasuaji upande wa pili. Wewe, dada, kama umepita kwenye kile kiti bila kushika, huna sababu ya kukatwa msuli. Mpelekee binamu shukrani, ushauri wake uuache.

Kinyama ambacho kingeweza kukusaidia ni cha ngozi. Daktari hutia ganzi, anachomoa kiduara cha milimita 3 kwenye mguu, sentimita 10 juu ya kifundo cha nje, na mara nyingi kingine pajani. Hakishonwi, kinafunga chenyewe. Kwenye maabara wanakitia rangi inayozionyesha neva, kisha wanahesabu kwa darubini nyuzi nyembamba ngapi zinapenya kuingia tabaka la juu la ngozi kwa kila milimita. Hesabu hiyo hulinganishwa na ya watu wa umri na jinsia yako. Hiki ndicho kipimo kinachouliza swali lako moja kwa moja. Hakipatikani kila mahali na kinataka maabara iliyozoea, lakini usivunjike moyo kwa hilo, kwa sababu kuna kipimo kingine kinachopatikana popote penye daktari mwenye subira.

Kipimo hicho ni miguu yako na mikono yake. Akuguse unyayo kwa pini, taratibu, akipanda kutoka vidoleni hadi gotini, umwambie ukali unaanzia wapi. Akuguse kwa chuma baridi. Kisha aweke kwenye kidole gumba kile chuma cha pembe mbili kinachotetemeka kikigongwa, na apige kifundo kwa kinyundo cha mpira. Mtu ambaye pini na baridi vimefifia vidoleni, huku mtetemo, kinyundo na nguvu viko sawa, ameshaniambia karibu kila kitu. Ongeza maswali machache: je, nyayo zimeacha kutoa jasho? Unasikia kizunguzungu ukisimama ghafla? Macho na kinywa vinakauka? Nyuzi nyembamba ndizo zinazoongoza mambo hayo pia, na ukavu wa macho na kinywa unaweza kutupeleka kwenye ugonjwa wa kingamwili uitwao Sjögren.

Kisha tafuta chanzo, na hapa ndipo ningetumia nguvu nyingi kuliko kurudia umeme. Sukari kwanza. Usiridhike na kipimo cha asubuhi ukiwa na njaa. Omba kile cha kunywa gramu 75 za glukosi na kupimwa baada ya saa mbili. Nyuzi nyembamba huanza kulalamika hata kabla sukari haijafikia kiwango cha kisukari kamili: baada ya saa mbili, kuanzia milimoli 7.8 hadi 11.0 kwa lita ni hatua ya hatari, na 11.1 kwenda juu ni kisukari. Nimeona watu walioambiwa mara tatu kwamba sukari yao haina neno, na kipimo hiki kikawaumbua. Ni habari njema hata hivyo, kwa sababu hatua hiyo inarudishika.

Baada ya sukari, vitamini B12, tezi ya shingo, figo, VVU, na kipimo cha protini za damu. Andika pia kila dawa uliyotumia miaka mitatu iliyopita. Dawa ya kifua kikuu ya isoniazidi, metronidazoli ya muda mrefu na baadhi ya dawa za saratani huumiza neva. Metformini, na dawa za kupunguza asidi ya tumbo zikitumiwa miaka mingi, hushusha B12.

Na sasa vile vidonge vyako. Tafadhali soma nyuma ya pakiti utazame B6, ambayo pengine imeandikwa pairidoksini. Mwanamke wa umri wako anahitaji takriban miligramu 1.3 kwa siku. Baadhi ya vidonge vinavyouzwa kama vitamini za neva vina miligramu 100 au 200 ndani ya kidonge kimoja. B6 nyingi ikitumiwa kwa miezi huharibu neva za hisia zenyewe, ganzi na kuwaka vikaongezeka, mgonjwa akaongeza vidonge. Nimelishuhudia hilo na linaniuma kila mara, kwa sababu mtu anakuwa amenunua maumivu yake kwa nia njema. Isitoshe, B12 iliyomo humo inaweza kuifanya damu yako ionekane imetosheka wakati upungufu ulikuwepo. Vikiwa na B6 nyingi, acha, ila kama uliandikiwa pamoja na dawa ya kifua kikuu usiache kabla ya kuongea na aliyekuandikia. Mwambie daktari ulivitumia kwa muda gani, na kama B12 ikija mpakani, kuna kipimo cha asidi ya methilimaloniki kinachoonyesha upungufu vizuri zaidi.

Umeuliza kama kipimo kilikosea, na pengine unajiuliza pia kama kipimo cha umeme kinaweza kukosa ugonjwa kwa sababu nyingine. Kinaweza, na nitazipitia haraka maana nyingi hazikuhusu. Neva ikikatwa au kubanwa ghafla leo, ukipima kesho sehemu ya chini bado itaitika vizuri, kwani nyuzi hufa taratibu. Wimbi la msuli hupotea baada ya wiki moja hivi, la hisia baada ya siku 10 au 11, na ile mvua ya bati haisikiki mpaka wiki ya pili au ya tatu. Anayepimwa mapema mno hupewa karatasi safi isiyo na thamani. Mzizi wa neva ukibanwa mgongoni, wimbi la hisia mguuni hubaki zima hata kama mguu una ganzi, kwa sababu chembe inayolisha uzi ule imekaa nje kidogo ya pale palipobanwa. Mpimaji mjuzi hutumia jambo hilo hilo kutofautisha mgongo na neva ya mguu. Na kuna ugonjwa wa mahali neva inapokutana na msuli, mayasthenia gravisi, ambapo kope huanguka jioni na kutafuna kunachosha. Huo hutaka neva ishtuliwe mara 2 au 3 kwa sekunde mfululizo, tuone kama wimbi linashuka kwa zaidi ya asilimia 10, na damu ichunguzwe kingamwili. Kipimo cha kawaida hakiuoni. Kwa upande mwingine, mtu mwenye ganzi ya vidole vitatu vya mkono inayomwamsha usiku, kipimo cha umeme kitamwonyesha kwa sentimita neva imebanwa wapi. Mashine ni nzuri sana kwa kazi yake.

Je, urudie? Ndiyo, mara moja, lakini usikimbilie. Subiri ifike mwaka tangu kile cha kwanza, au kabla ya hapo kama ganzi imepanda juu ya vifundo, mwendo umeanza kuyumba gizani, au nguvu zimepungua. Rudia mahali palepale ikiwezekana, miguu ikiwa na joto, neva zilezile, na safari hii sindano iwemo. Peleka karatasi ya zamani. Kama 7.2 imeshuka hadi 4, tumejifunza kitu. Ikibaki 7, tumejifunza pia, na nyuzi nyembamba zinabaki mshukiwa. Ukiwa unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, au una kifaa cha kuendesha moyo, waambie kabla. Mara nyingi kipimo kinaendelea, ila wajue.

Usikubali tiba ya maumivu isubiri vipimo hivi. Dawa za maumivu ya neva, kama amitriptilini, duloksetini, gabapentini au pregabalini, haziangalii karatasi ya umeme imesema nini. Daktari atachagua kulingana na moyo wako, figo zako na usingizi wako, ataanza na kiasi kidogo kisha kupandisha taratibu. Mpe wiki kadhaa kabla ya kusema haifai. Kuna haki ya kulala wakati uchunguzi unaendelea.

Kitu kimoja kikitokea, acha mpango huu wote na nenda hospitali siku hiyohiyo: miguu ikianza kuishiwa nguvu kwa siku chache, udhaifu ukipanda kuelekea mapajani na mikononi, kumeza au kupumua kukiwa kugumu, au mkojo ukikataa kutoka. Hapo tunafikiria Guillain-Barré, ugonjwa wa neva unaopoozesha mwili haraka, au uti wa mgongo kubanwa, na hatusubiri karatasi. Katika wiki ya kwanza ya Guillain-Barré umeme na hata maji ya uti wa mgongo vinaweza kuwa bado safi, na mgonjwa hulazwa kwa kile tunachokiona kitandani. Sioni dalili hiyo kwako.

Ukienda kwa daktari wiki ijayo, chukua karatasi ya kipimo, pakiti ya vidonge, orodha ya dawa, na picha ya miguu yako miwili ikiwa imesimama kwenye mwanga. Anza kwa kumwomba akuguse vidole kwa pini.